Ndiyo Niliyomjibu Profesa

Katika mtaa tunaoishi hapa Hounslow, magharibi ya London, Watanzania wenzangu wanaeleza kwa namna tatu jinsi nilivyoikosa nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu. Wapo wanaosema nilinyimwa kwa sababu ya umri. Wapo wanaosema ni rangi. Na Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa na vikombe vya chai mikononi, nilimsikia bwana mmoja akimweleza mwenziwe kwamba mtihani ulinishinda, nami nimesimama nyuma yake. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwamo chumbani siku jambo lilipoamuliwa. Tulikuwamo wawili tu, mimi na profesa wangu, na kilichotuponza ni neno moja la Kiswahili. Mimi nililisema, yeye akalisikia, na hakuna kati yetu aliyekosea maana yake.

Sehemu kubwa ya maisha yangu nilikuwa hakimu katika mahakama za wilaya, Tanzania bara. Baada ya kustaafu na kumzika mke wangu, binti yangu, ambaye anafanya kazi uwanja wa ndege, alinichukua nije kuishi naye. Mzee asiye na kazi katika nyumba ya watu wenye kazi ni kama kabati lililowekwa ukumbini: kila apitaye hulikwepa. Nikaomba kujiunga na chuo kikuu kimoja kikongwe katikati ya London, nikakubaliwa kusomea shahada ya uzamili katika historia.

Sikutafuta ajira wala cheo. Nilitaka kitu kimoja. Mafaili ya kesi za zamani za wilaya nilikoanzia kazi, yaliyoandikwa zama za Waingereza, yamehifadhiwa hapa London, nami nilitaka kuyasoma yote na kuyaandikia kitabu kinachostahili, chini ya usimamizi wa mtu anayejua zaidi yangu. Mwaka wa uzamili ulitosha kufungua mlango tu. Kazi yenyewe ilihitaji uzamivu. Na katika chuo kile alikuwapo mwalimu mmoja tu aliyeyajua mafaili yale, mwanamke Mwingereza aliyekuwa amekaribia kustaafu, ambaye alitutangazia mapema kwamba atamchukua mwanafunzi mmoja wa mwisho, kisha afunge mlango. Nilikusudia niwe mimi.

Chuo chenyewe kilinivutia kabla ya walimu wake. Ngazi za mawe zilikuwa zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa. Ukutani walipangwa wazee waliochorwa kwa rangi ya mafuta, wenye majoho na nyuso za kukataa rufaa. Nilipopita mbele yao mara ya kwanza nilifunga kifungo cha koti.

Ufundishaji ulinikasirisha. Nilikuwa nimezoea mwalimu anayesimama, anayesema, na darasa linaloandika. Huyu wetu aliketi miongoni mwetu kwenye meza ya duara, akauliza swali, akanyamaza. Vijana walimwita kwa jina lake la kwanza, kama wanavyomwita mwenzao wa kuchezea mpira. Mmoja alikuwa akila ndizi. Mwalimu alipotaka nami nimwite kwa jina, nilimwambia kwamba nimelelewa vibaya kwa jambo hilo na sitaweza. Nikamwita Profesa hadi mwisho. Alitabasamu akaniacha.

Aliyekuwa akiketi kando yangu ni Mkenya, muuguzi, mama wa makamo anayepanga chumba Kilburn, ambaye mara nyingi alikuja moja kwa moja kutoka zamu ya usiku. Alikuwa na uwezo wa kusinzia macho yakiwa wazi. Siku za mwanzo tulipotoka darasani nilimlalamikia.

"Yule mama hafundishi," nilisema. "Anatuuliza sisi. Kama sisi tungejua, tungekuja kwake kufanya nini?"

"Wacha, mzee," akasema, akitafuta kofia yake mkobani. "Leo amekuuliza mara ngapi?"

"Mara nyingi mno."

"Na wewe umeongea mpaka mimi nikaamka. Sasa nani alikuwa anafundishwa?"

Njiani, ndani ya treni ya chini ya ardhi, nilijikuta nikiyarudia niliyoyasema mezani, na nikaona palipokuwa na tundu katika hoja yangu. Profesa alikuwa ameliona pale pale; alinyamaza ili nilione mwenyewe.

Ubishi wetu mkubwa ulikuwa juu ya maneno ya kusikia. Mimi sikubali "nasikia" wala "inasemekana". Nimewahi kuona mtu akikaa rumande kwa sababu ya neno lililopita midomo ya majirani, kila mmoja akiliongezea chumvi. Kwa hiyo katika tasnifu yangu nilikataa kuingiza masimulizi ya mdomo. Nilitaka karatasi peke yake. Profesa aliisoma rasimu yangu, akanirudishia ikiwa na swali moja la penseli pembeni. Tulipokutana alilisema kwa sauti.

"Hii karatasi unayoiamini, nani aliiandika?"

"Karani wa mahakama."

"Na karani aliyapata wapi maneno ya shahidi?"

"Kwa mkalimani."

"Kwa hiyo karani alisikia kwa mkalimani, na mkalimani alisikia kwa shahidi." Akaipeleka karatasi upande wangu wa meza kwa kidole. "Hakimu wangu, hapa kuna nini zaidi ya maneno ya kusikia?"

Nilikasirika kwa wiki nzima. Kisha nikaandika upya sura yote. Tangu siku hiyo nikajua kwamba kazi yangu haiwezi kukamilika bila mtu huyu, na kwamba nilikuwa nimechelewa kumpata kwa umri mzima.

Katika semina iliyofuata aliniomba nilieleze darasa jinsi maneno yanavyoweza kupotea kati ya shahidi na karani. Nikawapa kisa nilichokishuhudia mwenyewe. Ilikuwa kesi ya wizi wa ng'ombe. Wakili, aliyekuwa amesomea ng'ambo muda mrefu, alimwuliza shahidi, "Hukumwona mshtakiwa zizini?" Shahidi akajibu, "Ndiyo." Wakili akaketi akifuta jasho la ushindi, maana alisikia kwamba shahidi alimwona. Nikamwuliza shahidi mimi mwenyewe, "Ndiyo nini?" Akanitazama kwa mshangao. "Ndiyo, mheshimiwa, kama alivyosema bwana wakili. Sikumwona."

Vijana walicheka bila kuelewa vizuri, ikabidi niwafafanulie. Kwa Kiswahili, nilisema, ndiyo humkubali muulizaji. Kwa Kiingereza hulikubali tendo. Ukimwuliza Mswahili "Hukula?" naye akasema ndiyo, amekubali kwamba hakula. Mwingereza akisema ndiyo yake kwa swali hilo hilo, amekula. Ndiyo sababu mahakamani kwangu niliweka sharti: hakuna shahidi kujibu kwa neno moja. Alitakiwa aseme sentensi nzima, yenye mtenda na tendo.

Mkenya wangu aliamka kabisa. "Ai, hiyo kitu iliniponza wodini!" akasema. "Sista mkuu aliniuliza, hujampa huyu dawa? Nikasema ndiyo, yaani sijampa. Akaandika amepewa. Ilibaki kidogo nipigwe kalamu, nifukuzwe kazi!"

Darasa zima lilicheka, isipokuwa Profesa. Yeye alikuwa ameshika penseli bila kuandika. "Miaka yote hii," alisema polepole, "nimekuwa nikiyasoma mafaili yale kwa sikio la Kiingereza." Wiki kadhaa baadaye aliniambia kwamba alikuwa amerudi hifadhini na kuanza kuyapitia upya, akitafuta kila ndiyo.

Baada ya hapo alinipa saa yake ya Alhamisi alasiri. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya juu kabisa, chini ya paa, kikiwa na hita ya zamani iliyonuka vumbi linaloungua. Alinipikia chai nzito yenye maziwa bila kuniuliza, nami sikumweleza kwamba daktari ameniambia nipunguze. Mazungumzo yetu yalikuwa kwa Kiingereza, lakini alikuwa na Kiswahili cha pekee, alichokiokota chote katika mafaili ya kesi. Hakujua namna ya kununua nyanya, ila aliweza kumshtaki muuza nyanya. Nilipobisha hodi alisema, "Shauri linaitwa!" Akinikaribisha kiti alisema, "Mshtakiwa aingie kizimbani." Siku moja nilimuaga kwa kusema mvua imeanza, akanijibu kwa uzito wote, "Mahakama imepokea maelezo hayo." Nilicheka hadi ngazi za chini, mbele ya wazee wa ukutani.

Sina budi sasa kueleza jambo la nyumbani, kwa kuwa bila hilo kisa hakieleweki. Mjukuu wangu wa kike amezaliwa hapa. Anaelewa Kiswahili chote, na hujibu kwa Kiingereza chote. Binti yangu akiwa kazini mimi ndiye ninayempa chakula. Katika miezi yangu ya mwanzo nilimwuliza, "Hujala?" Akajibu, "No, Babu." Kwa sikio langu alikuwa anakataa kwamba hajala, yaani amekula. Nikafunika sufuria. Mama yake aliporudi akamkuta mtoto anatafuna mkate mkavu.

"Baba, hukumpa chakula?"

"Amesema amekula."

"I said no!" mtoto akapiga kelele. "Babu, I said no!"

Nikajifunza. Mtu aliyelelewa kwa Kiingereza, hata ukimwuliza kwa Kiswahili, jibu lake lipime kwa mizani ya Kiingereza. Na ukitaka akuelewe, mjibu kwa mizani hiyo hiyo. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Mtoto akiniuliza kwa Kiingereza chake kama sijachoka, na kweli sijachoka, namwambia hapana, ingawa ulimi wangu unataka kusema ndiyo. Nilizoea hata nikaacha kuona kwamba nimezoea.

Ilikuwa Alhamisi, majani ya mti ulio nje ya dirisha lake yakiwa yamekwisha kurudi. Maombi yangu ya uzamivu nilikuwa nimekwisha kuyapeleka. Kilichokuwa kimebaki ni neno lake yeye. Sikumwuliza. Niliona si adabu kumhimiza mwalimu. Tuliongea juu ya sura ya mwisho ya tasnifu, akamimina chai, kisha akaweka birika chini na kukaa kimya kwa namna niliyoifahamu kutoka mezani kwa semina.

Halafu akasema kwa Kiswahili. Hakikuwa kile cha mzaha. Alikuwa amekiandaa, sentensi baada ya sentensi, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mzee, nimesikia maneno ofisini. Sikutaka kuyaamini, kwa sababu wewe hupendi maneno ya kusikia. Kwa hiyo nakuuliza wewe mwenyewe. Je, hutaki kuendelea nami?"

Maneno gani alikuwa ameyasikia, sikuuliza. Nilijua baadaye: nilikuwa nimeulizia siku moja gharama ya kusafirisha vitabu kwa meli, kwa ajili ya shule moja ya nyumbani, na mtu wa ofisini akafasiri kwamba ninafunga mizigo. Lakini wakati ule sikuwa nafikiri juu ya ofisi. Nilikuwa nimeguswa na Kiswahili chake. Hakuna Mwingereza aliyewahi kuniandalia sentensi. Nilitaka kumjibu kwa hotuba: kwamba nimesubiri swali hilo tangu mvua za mwaka uliopita, kwamba nitayasoma mafaili yale hadi macho yakatae. Koo likaziba. Na katika kuziba huko, akili yangu ilifanya hesabu yake ya haraka, ile ya sufuria na mjukuu. Huyu ni Mwingereza. Ameuliza kwa Kiswahili, lakini anasikia kwa Kiingereza. Mpe jibu la upande wake.

"Ndiyo," nikasema. "Ndiyo, Profesa."

Alitazama dirishani. Nilidhani ni jua limemvuta. Kisha akageuka, akasema kwa Kiingereza, "Asante kwa kunijibu waziwazi," akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama tufanyavyo sisi. Mlango ukagongwa; mwanafunzi mwingine alikuwa amefika. Niliteremka ngazi nikiwa kijana. Nilimnunulia mjukuu keki njiani, na nyumbani nikatangaza kwamba jambo limekwisha.

Limekwisha, kweli.

Nilikabidhi tasnifu, ikapata alama nzuri. Majira ya joto nilikaa nyumbani nikisubiri barua ya chuo bila wasiwasi, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kupewa mkono. Siku moja Mkenya alinipigia simu akiwa mapumzikoni hospitalini. Nilisikia magurudumu ya vitanda yakipita nyuma yake.

"Mzee, nasikia Profesa amepata mtu wa kuchukua ile nafasi. Si wewe. Msichana fulani."

"Nani amekuambia?"

"Jamaa mmoja wa pale ofisini."

"Naye ameambiwa na nani?"

"Mzee! Hii si korti."

"Mwanangu, mimi niliulizwa na Profesa mwenyewe, uso kwa uso, nikajibu. Huyo jamaa yako alikuwa wapi?"

"Basi mpigie Profesa tu. Simu moja. Kuna shida gani?"

"Nimpigie nimwambie nini? Kwamba nimesikia?"

Akaguna. "Haya. Wewe ngoja barua. Mimi nimesema, na masikio yako unayo." Tukazungumza juu ya magoti yake yanayomuuma, naye akarudi wodini.

Baadaye nilikuja kujua kwamba siku ile ya simu jambo lilikuwa bado halijatiwa sahihi. Nilijua kwa kuelezwa na Profesa mwenyewe, si mtu mwingine. Ningeinua simu, lingerekebishika kabla ya chakula cha jioni. Nimewahi kuwafungua watu waliofungwa na uvumi, na sijutii hata mmoja. Lakini miaka ile yote ya kuupuuza uvumi ilinifikisha pale, nikiwa na simu mkononi na ukweli ndani yake, nikaukataa kwa sababu ya nguo uliyovaa.

Muhula mpya ulipofunguliwa, barua ilikuwa haijafika. Niliamua kwenda mwenyewe. Langoni nikaweka kadi yangu kwenye mashine kama siku zote, nayo ikawaka nyekundu. Nikaifuta kwa leso, nikarudia. Nyekundu. Bawabu, mzee mwenzangu aliyekuwa akinisalimu kila asubuhi, aliitazama kadi, akanitazama.

"Umemaliza, bwana," akasema kwa upole. "Kadi hii imekwisha na masomo."

"Sijamaliza. Ndiyo kwanza naanza."

Hakubishana. Alinibandikia kijikaratasi cha mgeni kifuani, akaniruhusu nipande. Nilipita mbele ya wazee wa ukutani nikiwa na neno "mgeni" kwenye koti.

Mlango wa Profesa ulikuwa wazi. Rafu zilikuwa nusu tupu na sakafu imejaa masanduku ya karatasi ngumu. Alikuwa amepiga magoti, akifunga vitabu. Aliponiona, uso wake ulichanua.

"Mzee! Nilidhani umekwisha kurudi nyumbani."

"Nyumbani ni Hounslow," nikasema. "Nimekuja kuuliza juu ya nafasi yangu."

"Nafasi ipi?"

"Uliyoniulizia. Alhamisi ile."

Akainuka polepole, akishika meza. "Nilikuuliza," alisema. "Nawe ukanijibu ndiyo."

"Hasa. Nilikujibu ndiyo."

Tukatazamana. Hita ilikuwa imezimwa. Nikaona jambo likipita machoni mwake, na bila shaka naye aliliona likipita machoni mwangu. Aliuliza kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo, swali ambalo mimi ndiye niliyemletea kutoka mahakama ya mbali.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nataka," nikasema. "Nataka kuendelea."

Akakaa juu ya sanduku la vitabu. "Lakini wewe ndiye uliyetufundisha," alisema. "Mbele ya darasa zima. Ndiyo ya Kiswahili humkubali muulizaji. Nilikuuliza kama hutaki, ukasema ndiyo. Nikajiambia, safari hii nimesikia kwa sikio lake, sikukosea. Nilijivunia, unajua? Nilikwenda nyumbani nimehuzunika kukukosa, na nimejivunia kwamba nimekuelewa."

Nami nikamweleza juu ya mjukuu na sufuria. Alipoelewa, alicheka huku ameziba mdomo kwa mkono, na macho yake yakajaa. Mimi sikuweza kucheka pale. Kicheko kilinijia jioni ndani ya treni, peke yangu, na mama mmoja akahama kiti.

Nimelisikiliza shauri hili kichwani mwangu mara nyingi, na kama lingeletwa mbele yangu ningewaachia huru wote wawili. Yeye, kwa heshima, alitoka katika lugha yake akanifuata katika yangu. Mimi, kwa heshima, nilitoka katika yangu nikamfuata katika yake. Tukapishana njiani, na kila mmoja akafika kwenye nyumba ya mwenziwe akakuta hakuna mtu. Tungekuwa na adabu kidogo tu pungufu, mimi au yeye, leo ningekuwa hifadhini nikifunua mafaili yale, na glavu za pamba mikononi.

Lipo moja nisiloweza kulifutia kesi. Sharti la sentensi nzima lilikuwa langu. Nililisimamia kwa wakulima na wachunga ng'ombe waliokuwa wakitetemeka mbele yangu, na wote walilitii, hata waliokuwa na sababu kubwa kuliko yangu ya kukabwa na koo.

Pale chumbani Profesa aliniuliza kama angeweza kusema na wakubwa wa chuo. Nikamwuliza juu ya aliyepewa nafasi. Ni msichana aliyetoka mbali, alisema, ameshafika, amekwisha kupanga chumba, na ana macho makali ya kusoma miandiko mibaya. Nikamwambia asiseme na mtu. Akanitajia mwalimu mwingine katika mji mwingine, mtu mwema. Nikamshukuru, na sikuliandika jina hilo popote. Mimi sikuwa nikitaka shahada. Nilikuwa nikitaka mtu wa kuniuliza karatasi hii nani aliiandika.

Nilimsaidia kufunga masanduku mawili. Nilipochukua kofia yangu alikuja hadi mlangoni, akajaribu tena Kiswahili.

"Je, hutakuja kunitembe—" Akakatiza, akafumba macho. "Hapana. Subiri. Niulize upya." Akavuta pumzi. "Utakuja kunitembelea?"

"Nitakuja kukutembelea, Profesa," nikasema.

"Mahakama imepokea maelezo hayo," akasema.

Baridi ya mwaka ule ilinishika kifua, na binti yangu hakuniruhusu kutoka hadi majani yaliporudi mitini. Nilipokwenda, nilikuta kibao kipya kwenye mlango ule, na kijana mmoja akiwa amening'iniza baiskeli yake mahali palipokuwa na rafu ya vitabu. Barua pepe niliyotuma kwa anwani ya chuo ilikuwa imerudi yenyewe. Nilimwuliza bawabu. Alijikuna kidevu. "Alihamia pwani ya kusini, kwa dada yake," alisema. "Ndivyo nilivyosikia." Nikamwuliza ni mji gani. Hakujua, aliyemwambia hakutaja.

Wiki iliyopita Mkenya alikuja kula kwetu, akiwa na magoti yake na mzigo wa sukuma wiki alioununua sokoni Kilburn. Katikati ya chakula alinyanyua kijiko. "Mzee, nasikia Profesa anaendelea na Kiswahili huko aliko. Ati kuna mama wa Kizanzibari jirani anamfundisha. Na ati siku hizi hata ukimwuliza kama anataka sukari, anakujibu kwa sentensi nzima."

Binti yangu alinitazama. Alikuwa akisubiri lile swali langu. Hata mjukuu aliacha kutafuna.

Nikamwomba Mkenya anieleze tena, polepole, tangu mwanzo. Sikumwuliza nani amemwambia.